Mkono Ndani ya Rundo: Dhamana ya Muuza Chakula chenye Madhara katika Fiqhi na Historia

 

Kijana mmoja anayefanya biashara ya mahindi hapa Makambako alinijia msikitini baada ya swala ya alasiri. Alikuwa amekusanya mahindi kwa wakulima na kuyarundika uwanjani akingoja gari, na usiku ikanyesha mvua isiyo ya msimu. Turubai lilifunika juu, maji yakapita chini. Kulipokucha aliyaanika mpaka yakakauka, lakini yale ya chini yalikuwa yamebadilika rangi kidogo na kutoa harufu ya uvundo. Akayachanganya na mazuri, akajaza magunia, akamuuzia mnunuzi aliyekuwa akiyapeleka mikoa ya kati. Siku nyingi baadaye akasikia redioni habari za sumukuvu.

"Sheikh," akaniuliza, "sijui kama kuna mtu aliyedhurika. Nadaiwa nini?"

"Nipe muda mwanangu," nikamwambia, "nirudi vitabuni."

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na kurudi huko. Suala la kijana huyu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu nafaka iliyolowa.

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, yule mtu alijibu kuwa kimenyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wao.

Hadithi hii husomwa sana mimbarini, na kwa kawaida tunaishia kwenye makemeo ya mwisho. Mimi naomba tusimame kwenye udhuru wa yule muuzaji. Udhuru wake ulikuwa wa kweli. Mvua ilinyesha, na mvua ni amri ya Allah. Hakuulizwa kwa nini chakula kimelowa, wala riwaya haisemi kuwa alitamka uongo wowote. Aliulizwa juu ya mpangilio wa rundo: kilicholowa kiko chini, kikavu kiko juu. Kosa likawekwa pale ambapo mja ana uwezo, yaani katika kuficha au kudhihirisha. Na katika hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) aliyoipokea Ibn Majah, Muislamu hahalalishiwi kumuuzia ndugu yake kitu chenye aibu ila ambainishie.

Kutokana na mafundisho hayo wanachuoni wakajenga mlango wa khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa iliyokuwa na kasoro kabla hajaipokea. Mlango huu ni mpana, nami nitachukua suala moja tu: kasoro isiyoonekana mpaka bidhaa ivunjwe. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, anataja yai, nazi, na tikiti lenye funza. Mnunuzi akivunja kwa kiasi cha kuijua kasoro, anarudisha bidhaa, na kwa kauli iliyo dhahiri zaidi halipi chochote kwa kuivunja. Wafuasi wa Imam Malik wana msimamo mwingine. Katika Mukhtasar ya Sheikh Khalil (aliyefariki 776 Hijria) kasoro ambayo haijulikani ila kwa kuibadilisha bidhaa, kama mdudu ndani ya mbao, jozi iliyooza au tango chungu, haileti haki ya kurudisha. Hoja yao ni kwamba muuzaji na mnunuzi wako sawa katika kutojua, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Naomba msomaji aishike hoja hiyo ya Kimaliki, maana tutaihitaji. Imesimama juu ya sharti moja, kwamba muuzaji hakuwa na njia ya kujua.

Pia ipo habari katika Muwatta kuhusu Abdallah bin Umar (r.a.). Aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua na aibu zote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa, wakaenda kwa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza hali ya kuwa hajui maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa alipona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Basi sharti la kujivua lilimfaa asiyejua tu, na ujuzi wake ukapimwa kwa kiapo. Na Shafi'i katika kauli iliyo dhahiri zaidi hakuliruhusu hata hilo ila kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua. Ninapoona risiti za madukani zimepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, huikumbuka habari hii. Muhuri ule hauna uzito ambao wenye maduka wanaudhania.

Mlaji ambaye hakununua

Yote haya ni mambo ya bei, nayo ni mambo ya watu wawili waliouziana. Lakini chakula hakiliwi na mnunuzi peke yake. Mahindi ya kijana wetu yalinunuliwa na dalali, yakauzwa kwa mwenye duka, yakapelekwa mashine ya kusaga, na ugali ukaliwa na mtoto ambaye hajawahi kununua kitu maishani mwake. Mtoto huyo hana khiyari ya aibu kwa mtu yeyote. Je, ana haki gani?

Mafakihi walilitazama jambo hili katika mlango wa jinai, si katika mlango wa biashara. Asili yake ni tukio la Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, pale Zaynab binti al-Harith alipompelekea Mtume (s.a.w.) nyama ya mbuzi iliyotiwa sumu. Bishr bin al-Bara (r.a.) aliila akafa. Riwaya zimetofautiana kuhusu alivyofanywa yule mwanamke: zipo zinazosema alisamehewa, na zipo zinazosema aliuawa baada ya Bishr kufariki. Kwa sababu hiyo wanachuoni nao wakatofautiana. Kwa mujibu wa Minhaj, mwenye kumkaribisha mtoto au mwendawazimu chakula chenye sumu akafa, analipiziwa kisasi. Akimkaribisha mtu mzima mwenye akili asiyejua hali ya chakula, ni juu yake dia. Iko kauli kwamba ni kisasi, na kauli nyingine kwamba hakuna kitu. Kwa Mahanafi, aliyekula kwa mkono wake mwenyewe hana kisasi wala dia, ila mtoaji hutiwa adabu na kufungwa.

Tazama kwamba mgeni hanunui. Hakuna mkataba baina yake na mwenye nyumba, na hata hivyo katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kuwa damu yake haiendi bure. Dhamana ya nafsi haikufungwa kwenye mkataba wa bei.

Nalitaja hili kwa sababu sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoletwa Tanganyika, ilichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1842 mahakama za Uingereza zilimnyima haki dereva wa gari la farasi aliyeumia kwa ubovu wa gari, kwa kuwa mkataba wa kulitunza haukuwa baina yake na mtunzaji. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Baada ya kunywa sehemu yake, alisema, chupa ilipomiminwa tena kikatoka kilichofanana na konokono aliyeoza. Yeye hakuwa mnunuzi. Shauri lake dhidi ya mtengenezaji, Stevenson, lilifika mpaka Baraza la Mabwana, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kuwa mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawakuuziana. Suala la kama konokono alikuwemo kweli halikuwahi kuthibitishwa, kwani baadaye walisuluhishana.

Sisemi haya kwa kujifakhirisha. Uadilifu unatutaka tukiri kwamba mgeni wa Minhaj alipewa sumu na mtu anayejua kuwa ni sumu. Mwenye kiwanda wa Paisley hakujua. Kijana wetu naye hakujua, au alijua nusu. Kwa watu wa namna hii tunatakiwa tuende kwenye kanuni ya kusababisha.

Mafakihi hutofautisha baina ya mtendaji wa moja kwa moja na mwenye kusababisha. Mtendaji hulipa hata bila kukusudia. Msababishaji halipi ila akiwa amevuka mpaka. Waandishi wa Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyotolewa baina ya 1869 na 1876, waliliweka hili miongoni mwa kanuni zake za mwanzo. Mfano maarufu ni wa kisima: aliyechimba katika ardhi yake hadaiwi, na aliyechimba katika njia ya watu bila ruhusa hulipa anayetumbukia, hata kama alikuwa amelala nyumbani kwake siku ile. Kwa hiyo swali kuhusu gunia la mahindi ni hili: kuvuka mpaka ni kupi? Kulowa kwa mvua si kuvuka mpaka. Kuchanganya kilichovunda na kizuri ili kisionekane, huko ndiko kuchimba kisima njiani.

Msimamizi wa soko

Mahakama humfikia mtu akiwa ameshaumia. Wazee wetu hawakuridhika na hilo, wakaweka hisba, yaani usimamizi wa soko, ambao Imam al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria) aliueleza katika Al-Ahkam as-Sultaniyya. Baada yake vikaandikwa vitabu vya kazi kwa ajili ya wasimamizi wenyewe. Kilicho mashuhuri ni cha ash-Shayzari, wa karne ya sita Hijria, na baadaye kikaja cha Ibn al-Ukhuwwa (aliyefariki 729 Hijria).

Katika mlango wa wauza nafaka na unga ash-Shayzari anaagiza wasichanganye ngano mbaya na nzuri, wala ya zamani na mpya, kwa kuwa ni udanganyifu. Na ikilazimu nafaka kuoshwa, ikaushwe sawasawa kabisa baada ya kuoshwa, kisha iuzwe peke yake. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Kukausha peke yake hakukumtosha. Nafaka iliyokwisha kupatwa na maji aliitenga hata baada ya kukauka, na hii ni zaidi ya miaka 700 kabla mtu yeyote hajajua jina la sumukuvu.

Yapo pia mapokezi kwamba Umar (r.a.) alimwaga maziwa yaliyochanganywa na maji, na kwamba Imam Malik aliona ni bora yatolewe sadaka kwa maskini kuliko kumwagwa. Hapa pana tahadhari. Maziwa yenye maji hayaui. Nafaka yenye sumu hapewi maskini, wala hapewi ng'ombe, maana sumukuvu hupita katika lishe na kutoka katika maziwa, na mkoa wetu wa Njombe ni wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Na kubainisha aibu kuna masharti yake. Huko Iraq, majira ya mwaka 1971 na 1972, iliingizwa ngano na shayiri ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki. Magunia yalikuwa na onyo, lakini kwa lugha ambazo wanavijiji hawakuzisoma. Watu wakasaga na kuoka mkate. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao walifariki. Maneno yalikuwepo juu ya gunia, ila mlaji hakubainishiwa kitu.

Kwetu Tanganyika, Waingereza walipochukua nchi, sheria yao iliyokuwepo tarehe 22 Julai 1920 ndiyo iliyofanywa msingi, na makadhi wakabakiwa zaidi na ndoa, talaka na mirathi. Baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1963, mahakama zikaunganishwa na kadhi wa Bara akaondoka kabisa katika mfumo wa dola. Kazi ya msimamizi wa soko imekuwa mikononi mwa taasisi: Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975, Sheria ya Ushindani ya 2003 ikaweka wajibu wa watengenezaji kwa walaji, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamishiwa kwenye Shirika hilo la Viwango. Hizi ni kazi za hisba kwa jina jingine, na Muislamu anayezikwepa asidhani kuwa anakwepa serikali tu.

Sumu isiyo na rangi

Sumukuvu ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Haina ladha. Kupika hakuimalizi, na kukausha nafaka iliyokwisha kuota kuvu huzuia isiongezeke tu, ile iliyomo hubaki. Humdhuru mlaji ini: macho huwa manjano, tumbo huvimba, na akila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani.

Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafa 125. Wachunguzi walipopima mahindi ya masokoni walikuta asilimia 55 ya sampuli zimevuka kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Mwaka 2016 msiba ukafika Dodoma na Manyara. Mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Waliougua walikuwa 68, na 20 wakafariki. Insafu inataka tuseme kwamba wengi katika misiba hii walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, kwa hiyo si kila jeneza lina muuzaji nyuma yake. Kisha Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hizi, na baada ya siku chache ikafungua kwa sharti la cheti kinachoonesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara wa mji huu wanazikumbuka siku zile kwa hasara ya magari yaliyokwama, na wachache niliowasikia walitaja kilichokuwa kinatafutwa ndani ya magunia.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inakutana hapa na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, reli ya TAZARA inapita, na maghala ya Wakala wa Hifadhi ya Chakula yapo. Baridi yetu hutusaidia, kwa kuwa kuvu huyu hupenda joto. Lakini gunia lenye unyevu likipakiwa hapa hufunikwa turubai na kushushwa kwenye joto la mabondeni, na yanayotokea huko hatuyaoni.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya Kimaliki ya kulingana katika kutojua. Zamani ilikuwa na nguvu juu ya sumu hii, maana hakuna aliyeweza kuiona. Leo kipima unyevu kipo, kiwango cha asilimia 13.5 kinajulikana, na upimaji wa sumukuvu unafanyika. Bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, ni mkono ule ule ulioingia ndani ya rundo la Madina. Kwa rai yangu, mfanyabiashara mkubwa anayeweza kupima akaacha kupima, hawezi tena kudai kuwa hakujua. Mkulima wa magunia matano simtii humo. Na mwenye mashine ya kusaga namwacha kwenye hitilafu yake ya zamani: ar-Rabi' amepokea kwamba Shafi'i alikuwa akiitakidi kuwa mfanyakazi wa watu wengi hana dhamana, na hakuitangaza kauli hiyo kwa kuwaogopa makadhi wabaya na wafanyakazi wabaya.

Kijana alirudi Alhamisi iliyofuata. Nilimweleza kwamba kuhusu nafsi za watu, asili ni dhima kuwa safi, na yakini haiondolewi na shaka. Mahindi yake yalichanganyika na ya wengine, na hajulikani aliyedhurika. Sikumwajibishia dia. Lakini sikumficha kuwa katika Minhaj msababishaji ametajwa miongoni mwa wenye kulazimika kafara ya kuua, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, na kwamba siku akithibitikiwa na jambo, mahakama haitamuuliza kafara hiyo. Nilimwambia ampigie simu mnunuzi siku ile ile, kwa kuwa gunia moja likiwa bado liko ghalani, kunyamaza kwake ni kosa jipya.

Akapiga nikiwa nimekaa. Mahindi yalikuwa yameisha.

Ikabaki fedha. Bidhaa ikishatoweka mikononi mwa mnunuzi, hulipwa tofauti ya kasoro: gunia zima likiwa na thamani ya shilingi 80,000 na lenye kasoro 60,000, robo ya bei aliyopokea ni ya mnunuzi. Na ikithibiti kuwa ilikuwa sumu isiyofaa kuliwa kabisa, bei yote hurudi, kwa kuwa kisicho na manufaa hakiuziki. Akauliza tuhesabu kwa thamani ya leo, ambayo ni kubwa zaidi, au ya siku ile. Kauli sahihi katika madhehebu ni thamani ndogo kabisa baina ya siku ya kuuziana na siku ya kukabidhiana, na kwake yeye hizo zilikuwa siku moja. Wallahu aalam.